Breka Yenye Kitufe

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelinunua la vipimo. Ukurasa wa kwanza ni jikoni, wa pili sebule, wa tatu bafuni. Nimeona nyuma niandike na mengine. Kusema siwezi, na kichwa kimejaa.

Kaka kanipa nyumba yake niifungie umeme. Nyumba nzima! Si kubadilisha soketi, si kufunga taa ya barazani. Tangu niache shule darasa la tano nimeshikia mafundi tochi, nikitazama mikono yao. Miaka minane ya kutazama. Halafu mitatu ya vibarua vidogo vidogo. Leo nyumba.

Kasema mbele ya mkewe: tumpe huyu bubu wetu, angalau hatatupigia kelele. Shemeji akacheka. Na mimi nikacheka.

Mama anahamia hapo kazi ikiisha. Miguu yake imeingia ganzi, na daktari kasema aoge maji ya moto kila asubuhi. Ndiyo maana bafuni kunawekwa hita. Mimi nitalala chumba cha uani.

Nisiharibu. Basi.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa vya umeme, mimi na Kaka. Mwenye duka ni mama mtu mzima, miwani yake kaifunga sikioni kwa waya mwekundu. Kaka kataka breka, vile vikata umeme vya kwenye boksi, zote za ampea arobaini. Kasema kitu kikubwa ndicho imara, kama kufuli.

Yule mama akamtazama kwa juu ya miwani. Halafu akaniuliza mimi! Waya wako unene gani? Nikamwonyesha kipande nilichokuwa nacho mfukoni, maana mdomo haukufunguka.

"Basi chagua kwa waya, baba," kaniambia. "Usichague kwa macho."

Nikachagua. Taa, sita. Soketi, ishirini. Hita, thelathini na mbili, maana waya wake ni mnene. Kaka akanuna: ishirini ni za nyumba ya njiwa. Yule mama akamweleza taratibu. Breka hailindi friji wala pasi, inalinda waya ulio ukutani, ambao hakuna anayeuona. Waya mwembamba ukiupa breka kubwa, waya utaungua na breka bado imelala.

Mimi nayajua yote hayo. Nimeyaona kwa macho, waya umekuwa mkaa ndani ya ukuta. Lakini nilisimama tu nikihesabu betri kwenye rafu.

Halafu akatoa moja pana, ina kitufe kidogo cha manjano. Kaka kauliza hii nayo ya nini. Kasema zile nyingine zinalinda waya. "Hii inalinda mtu." Umeme ukitoroka kidogo tu, ukapita kwenye maji au kwenye mwili, inakata kabla moyo haujajua. Ina bei kubwa kuliko zote. Kaka kanigeukia: lazima?

Nikaitikia kwa kichwa. Yule mama kaitia kwenye mfuko pamoja na zile nyingine.

Njia nzima nilikuwa nimeushika ule mfuko kama mtu aliyebeba mayai.

Alhamisi, 6 Machi

Paipu zote za kupitishia waya zimeingia ukutani. Mgongo unauma. Waya wa soketi uliisha nikamfuata Kaka. Kanunua. Jioni wa taa ukaisha. Nilizunguka nyumba mara mbili kabla ya kumwambia. Kaka: "Nikisikia tena neno waya hapa, nitakufunga nao wewe."

Mwashi kacheka mpaka mwiko ukamwanguka.

Jumamosi, 8 Machi

Waya wa hita umepungua. Hatua mbili! Nilikosea kupima, sikuhesabu ule mzunguko wa nyuma ya bafu.

Kaka alikuwa barazani na wageni wake. Nilifika mpaka mlangoni. Kaniona, kaniuliza unataka nini. Nikasema maji ya kunywa. Nikanywa maji. Nikarudi.

Nilikuwa na kipande kilichobaki. Nikaunga. Nimesokota vizuri kwa plaizi, tepu mizunguko mitatu, halafu mingine mitatu. Fundi wangu wa kwanza alikuwa akisema ukutani hakuungwi, kiungo kikae mahali mkono unafika. Najua. Lakini mwashi alishakoroga plasta na ananitazama. Kaziba. Kesho vigae juu yake.

Pale ni pakavu. Itakaa.

Jumatatu, 10 Machi

Vigae vya bafuni vimekwisha. Vya buluu. Kaka kavichukua vya mwisho dukani, hakuna tena vya aina hiyo. Kampeleka kila mgeni bafuni avione. Kapiga moja kwa kidole, ti, ti, kasema hii mpaka wajukuu.

Na mimi nikakitazama kigae hichohicho. Safu ya nne kutoka chini, cha pili kutoka kwenye bomba.

Ijumaa, 14 Machi

Umewaka! Vyumba vyote. Nikabonyeza kile kitufe cha manjano kujaribu, tap, nyumba ikazima, nikairudisha. Inafanya kazi. Kaka kanipiga begani. Bado nasikia mkono wake.

Jumamosi, 15 Machi

Mama kahamia. Kawasha na kuzima taa ya chumba chake mara kumi. Kasema kitinda mimba wangu kanitilia jua ndani ya chupa.

Jumatano, 19 Machi

Mambo yameharibika.

Jikoni shemeji anachomeka birika, pasi na oveni kwa pamoja. Breka ya ishirini inakata. Inatakiwa ikate! Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni ile ya kitufe. Tangu jana inakata yenyewe, na inazima nyumba nzima. Asubuhi, Mama akishaoga. Mchana imetulia. Jioni watu wakioga, inakata tena.

Kaka: wenzako wanafunga umeme, wewe umefunga giza. Shemeji naye kasema, basi shemeji tuwekee na mishumaa ukutani, tujue moja.

Nikasema nitaangalia. Hayo ndiyo maneno yangu yote ya leo, nimeyahesabu. Nitaangalia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeangalia.

Walikuwa wametoka, Mama kaoga, kalala. Nikashusha breka zote. Nikapandisha ile ya kitufe, ikakaa. Taa, imekaa. Soketi za sebule, imekaa. Jikoni, imekaa. Hita. Tap.

Nikazima swichi ya hita pale mlangoni pa bafu. Nikapandisha tena. Tap. Kwa hiyo hita yenyewe ni nzima. Umeme unatoroka kabla ya kufika kwenye swichi. Kati ya boksi na swichi kuna nini? Kuna waya tu.

Kuna waya na kiungo changu.

Maji yanapita kwenye chokaa ya vigae. Kidogo kidogo, kila wanapooga. Yamefika kwenye tepu. Ile breka haina kosa. Kila siku inasema ukweli kuhusu mimi, mbele ya watu, na mimi peke yangu ndiye ninayeisikia.

Nilikaa sakafuni mpaka mgongo ukapoa. Kubomoa vigae vya buluu. Kumwambia Kaka. Nilijaribu kuyapanga maneno. Kaka, nina neno. Kaka, samahani. Kaka, unakumbuka siku ile niliomba maji?

Waliporudi nikasema bado natafuta.

Jumamosi, 22 Machi

Kaka kaleta fundi mwingine. Wanamwita Injinia. Mkanda wa vifaa kiunoni, miwani ya jua ndani ya nyumba, cheti anakibeba kwenye mfuko wa nailoni. Anaongea na simu na watu kwa wakati mmoja.

Kafungua boksi langu, kacheka. Hizi breka nani kakuuzieni, za toroli? Kang'oa za ishirini, kaweka za arobaini. Waya ni uleule! Uleule mwembamba nilioupitisha kwa mikono yangu. Halafu kaigusa ile ya kitufe, kasema hii ndiyo mchawi wenu, hizi zina usumbufu, nyumba nyingi wanatoa. Kaichomoa. Waya mbili kaziunganisha moja kwa moja.

Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake. Mdomo ulifunguka. Kweli ulifunguka. Injinia kanigeukia, kasema dogo shika tochi vizuri.

Nikaishika vizuri.

Kaitupa kwenye ndoo ya taka. Nimeiokota. Iko hapa kwenye mkeka wangu, kitufe kinanitazama.

Jumapili, 23 Machi

Umeme haujakata hata mara moja. Birika, pasi, oveni, redio. Wanafurahi. Kaka kasema kwa sauti ili nisikie: kazi ya kusomea ni kazi ya kusomea.

Niliweka kiganja juu ya soketi ya jikoni. Ya moto kama uji.

Jumatatu, 24 Machi

Mama kasema wakati wa chai kwamba bomba la bafuni siku hizi lina meno. Kalishika, likamng'ata. Kama sisimizi, kasema, na anacheka. Kaka kasema ni ile ganzi yako, Mama. Mama kasema labda.

Sikumaliza chai.

Jumanne, 25 Machi

Nimeingia bafuni na tesita, bisibisi ya kupimia umeme. Nimeigusisha kwenye bomba. Ikawaka. Taa ndogo nyekundu, ndogo sana, kama jicho la panya.

Mama anaoga kakaa kwenye kigoda cha plastiki na ndala miguuni. Hizo ndala za mpira ndizo zinazomweka hai. Anashika bomba kila siku kujiinua. Na breka ya hita haitasaidia kitu. Ile ni ya thelathini na mbili, haishtuki kwa kitu kidogo kama hiki. Cha kumuua mtu hakitoshi kuishtua breka ya waya.

Leo nimesema. Nimemfuata Kaka barazani, nimesema, Kaka, bomba lina umeme. Yote kwa mara moja! Kaka kaweka simu chini. Kaniuliza kwa upole kabisa, siku nyingi hajaniuliza hivyo: "Umeme unatoka wapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Neno moja tu.

Nikasema sijui.

Kampigia Injinia, kaweka sauti nje. Injinia kasema hiyo ni arthi ya majirani, umeme wao wa ardhini, inapita chini kwa chini, haina neno, halafu mwambie huyo dogo aache wivu. Shemeji yuko mlangoni anatikisa kichwa. Kaka kasema umesikia?

Nimesikia.

Jumatano, 26 Machi

Alfajiri nikashusha breka ya hita. Mama kapata maji baridi, kaoga hivyohivyo, katetemeka mpaka saa nne. Shemeji kagundua, kapandisha. Mchana nikashusha tena. Jioni Kaka kanikuta mkono uko ndani ya boksi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema Mama anateseka kwa sababu wewe umeshindwa kazi na hutaki mwingine aiweze. Kaenda dukani kwa miguu, karudi na kufuli dogo. Kafunga boksi. Ufunguo kautia kwenye mkufu wa funguo za gari.

Meni, swichi ya kuzima nyumba nzima, iko humohumo ndani.

Na lile kufuli ni dogo. Kaka huyuhuyu anayependa vitu vikubwa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda kwa yule mama wa duka. Sijui nilitaka nini. Nikaiweka ile ya kitufe juu ya meza yake. Kaigeuza. Kauliza imeharibika? Nikatikisa kichwa. Kauliza wameitoa? Nikaitikia. Kavua miwani.

"Ilikuwa inakata?"

Nikaitikia.

"Basi kuna mtu anajua kwa nini," kasema. Kanirudishia mkononi, kavifunga vidole vyangu juu yake.

Jioni Mama kaniita chumbani kwake. Kaniambia nikae. Nimekonda, kasema. Kasema wewe tangu mdogo, ukivunja kikombe, unakaa nacho mvunguni mpaka kinakukata. Unaficha nini? Nikasema hakuna. Kasema mficha uchi hazai. Nikamwambia asilishike lile bomba. Kasema sawa, sasa nitainukaje? Na mwambie kaka yako. Nikasema nimemwambia. Akanitazama tu. Mama hajui hata kuandika jina lake, lakini mimi ananisoma.

Nilipotoka nikaona ndala zake mlangoni. Kamba imekatika, ya kulia. Shemeji kasema atamnunulia mpya wikiendi.

Nikampa zangu. Kajaribu hatua tatu. Zinamvuka, mguu wenye ganzi haujui kama umevaa. Nusura aanguke. Kazivua, kasema nenda nazo, mwanangu, mimi sakafu naijua.

Kesho ataoga peku.

Ijumaa, 28 Machi

Niko bafuni. Nimejifungia kwa komeo. Nimekaa kwenye kigoda cha Mama, daftari kwenye goti. Kumekucha vizuri, mwanga unapita kidirishani, vigae vyote vinang'aa.

Nilimkuta koridoni na taulo begani na ndoo yake, peku. Nikapita mbele yake nikaingia, nikafunga. Hivyo tu. Kadhani nimebanwa na haja. Kangoja. Halafu kagonga kwa fimbo. Nikasema usiingie, Mama. Kasema nitaingiaje na umefunga?

Shemeji kaja. Kasema mama mzima anasimamishwa koridoni kama mgeni, hii sasa ni wazimu. Kamwita mumewe.

Kaka kagonga. Kwanza kidole, halafu ngumi. Fungua. Kasema mengi, siyaandiki. Kasema kuna kitu gani humo ndani? Na mimi nakitazama, safu ya nne kutoka chini, cha pili kutoka kwenye bomba. Mdomo niliufungua mara tatu. Umekauka kama chokaa.

Kasema anahesabu mpaka kumi. Kahesabu. Nikachana karatasi, ile ya vipimo vya bafuni, nikaandika nyuma yake. Herufi zimekuwa kubwa kubwa kama za mtoto:

*Waya wa hita niliuunga mimi ndani ya ukuta. Ndio unavuja. Breka ilikuwa sawa. Mama asiguse bomba. Vunja kigae.*

Nikaipitisha chini ya mlango.

Kaka alikuwa keshaondoka. Nikasikia viatu vyake uani, kasema anakwenda stoo kuchukua nyundo na tindo, mlango huu leo utafunguka. Shemeji anamfuata, anasema angalia usiharibu fremu. Karatasi imekaa pale sakafuni, naona ncha yake nyeupe chini ya mlango. Nikajaribu kuivuta irudi. Vidole havifiki.

Sasa fimbo. Tok, tok. Mama amebaki peke yake koridoni. Fimbo imeigusa karatasi, inaivuta. Naona ncha inaondoka. Nasikia anavyoinama, anaguna, kiuno kile. Kaiokota.

Kaipindua. Nasikia inavyolia mikononi mwake. Upande mmoja vipimo, upande mmoja mimi, na kwake yote ni mchwa tu.

Ameusogelea mlango. Kaegemea, pumzi yake naisikia hapa kwenye bawaba. Kasema kwa sauti ndogo, ya kuniamshia utotoni:

"Mwanangu, umeandika nini? Nisomee."

Nimesimama. Daftari nimelibana mlangoni, mkono mmoja umeshika komeo. Viatu vya Kaka vinarudi, viko mlango wa uani, tindo inagonga nyundo anavyotembea. Mama kasema tena nisomee, na sauti yangu haijatoka, lakini mdomo umefunguka. Naweka kalamu chini nimsomee.